Nafaka ya Mke Kabla ya Mimba

Wamesema wanazuoni wa Kishafii: chakula cha mke na kitoweo chake ni wajibu juu ya mume, ama dawa, haimlazimu. Basi vitamini iitwayo foleti i upande gani?

Mfereji uwao ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufungika katika siku 28 za mwanzo, na mama aghalabu hajajijua. Foleti ikipunguka, yakhofiwa mtoto kuzaliwa mgongo wazi. Mume angojaye khabari ya mimba ndipo anunue, amekwisha kuchelewa.

Nayo imo katika kunde na mchicha. Na tangu 2012 sharia ya Kenya yaamuru itiwe katika unga wa viwandani. Hapo hapana mgonjwa atibiwaye, bali mke alaye. Ajabu ni mtu akopaye kwa ajili ya walima, kisha akahesabu senti za mchicha! Hata kidonge cha maikrogramu 400 kila siku chaelekea kitoweo kuliko dawa.