Damu Mkononi mwa Mlinzi: Hatia ya Dola kwa Kutotenda

Hatia ya mtu hupimwa kwanza kwa alichokitenda. Hatia ya mlinzi hupimwa pia kwa alichokiacha. Dola hubeba ulezi wa mtoto pale wazazi wanaposhindwa au wanapogeuka kuwa ndio hatari yenyewe. Hapo huzuka swali: je, ofisi yaweza kuwa na hatia ya kifo ambacho haikukisababisha?

Mapokeo ya dini yamelijibu. Katika sura ya 33 ya Ezekieli, mlinzi anayeuona upanga ukija asipige tarumbeta hudaiwa damu ya waliouawa, ingawa upanga haukuwa wake. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kila mtu ni mchungaji na ataulizwa juu ya alichokichunga, na wa kwanza kutajwa ni kiongozi. Mizani ni moja: aliyekabidhiwa amana hawezi kujitetea kwa kusema hakuigusa.

Msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, uliiweka mizani hiyo kwenye majaribio. Kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa humo miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa katika saumu anayodaiwa kuihubiri. Februari 2024 yeye na wenzake 29 walishtakiwa kwa mauaji ya watoto 191, wakakana mashtaka. Lakini Mackenzie hakuwa mgeni kwa vyombo vya dola. Alifikishwa mahakamani tangu 2017, na baadhi ya tuhuma zilihusu watoto kukatazwa shule. Machi 2023 alikamatwa kufuatia vifo vya watoto wawili, kisha akaachiliwa kwa dhamana. Ripoti ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya, iliyotolewa Machi 2024, iliwalaumu maafisa wa usalama wa Malindi kwa uzembe na kutelekeza wajibu, kwa kuwa taarifa za kuaminika ziliwafikia na hawakuzifanyia kazi.

Katika mambo kama haya utetezi huwa wa aina tatu. Wa kwanza ni kutojua. Lakini taarifa ikishapokelewa kituoni, ofisi imejua, hata kama mkubwa wake hakuisoma. Wa pili ni uhuru wa kuabudu, ambao Katiba ya Kenya inaulinda katika ibara ya 32. Ibara ya 53 ya Katiba hiyohiyo inatanguliza maslahi ya mtoto katika kila jambo linalomhusu, na mtoto anayefungishwa mpaka afe hakuichagua saumu hiyo. Wa tatu ni wingi wa mikono: kila ofisi huitegea nyingine. Mtoto Victoria Climbié alipouawa London mwaka 2000, uchunguzi wa Lord Laming ulibaini nafasi 12 za kumwokoa zilizopotea mikononi mwa polisi, hospitali na ustawi wa jamii. Laming aliwakosoa wakubwa waliojikinga kwa kusema hawakuarifiwa, huku lawama zikiwaangukia wafanyakazi wa chini.

Kuzijibu tetezi hizo kwahitaji uwazi, lakini uwazi nao una mpaka. Jina la mtoto aliyenusurika, maradhi yake na aliyotendewa ni sitara yake, na kuyaanika ni kumdhulumu mara ya pili. Tarehe ambayo taarifa ilipokelewa, afisa aliyeipokea na hatua aliyochukua si sitara ya mtu. Ni hesabu ya amana. Kipimo ni kuuliza siri inamkinga nani. Faili likifungwa kwa jina la mtoto ilhali anayesitirika ni ofisi, sitara imegeuzwa pazia.

Kesi ya jinai hujibu nani aliua. Haijibu nani alikabidhiwa ulinzi akanyamaza, kwa kuwa uzembe uliogawanyika katika ofisi nyingi mara chache hutosha kumtia hatiani mtu mmoja. Swali hilo la pili huhitaji uchunguzi unaosomwa hadharani, unaotaja vyeo na tarehe, na unaoilazimu serikali kueleza lipi imelirekebisha na lipi bado.