Kutosha ni Hesabu

Tuseme kijana wa Muthara, kule Tigania, ana shilingi 40,000 na anataka kujiundia kompyuta ya mezani, ya kwanza maishani mwake. Pesa zenyewe zimetoka kwa miraa: nusu yake, nusu ya mamake. Ataanzia wapi? Wengi wetu tungeanzia kwa kadi ya grafiki na keshi ya kioo yenye taa za rangi. Hapo swali la vifaa linageuka kuwa swali la maadili, hata kama hatulioni hivyo.

Bajeti ndogo haina pa kujificha. Kila shilingi unayoipa sehemu moja umeinyima nyingine. Ukinunua kadi ya nguvu utabana kwa pawa saplai, kile kisanduku kinachopokea stima ya ukutani na kuigawa. Hakuna rafiki atakayekisifu. Lakini cha bei ya kutupa, chenye wati zilizo kwenye kibandiko tu, siku kikiungua kinaweza kuondoka na mazabodi, hata diski yenye kazi zako zote. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "nini kitanipendeza?" uliza "nani atalipia hasara?" Na mama hakuwepo Luthuli Avenue ulipokuwa ukichagua.

Sisemi taa ni dhambi. Kijana wa Muthara ana haki ya kupenda kitu kizuri sawa na wa Kilimani. Kuna mahubiri tunayopewa sisi wa pesa kidogo: ridhika na ulicho nacho. Siyakubali. Kuridhika ni hali ya moyo, na mara nyingi anayetuhimiza turidhike ameshashiba. Kutosha ni hesabu, na hesabu huanza na kazi. Kama kazi ni kuandika, kujifunza kutengeneza programu na kuhariri video fupi, prosesa yenye grafiki ndani yake inatosha bila kadi. Ramu ya GB 16 inatosha. SSD, hata ya ukubwa wa kawaida, itakupa wepesi ambao diski ya zamani haikupi. Kinachobaki kiende kwa pawa saplai ya kuaminika, na mazabodi itakayokubali prosesa bora baadaye. Soketi ya AM4 ya AMD, kwa mfano, ilitoka 2016 na imepokea vizazi kadhaa vya prosesa. Kuchagua hivyo ni kumwachia nafasi mtu utakayekuwa miaka mitatu ijayo.

"Si afadhali ninunue ex-UK tu?" utauliza. Zile Dell na HP zilizotoka kwa ofisi za ng'ambo? Mara nyingi ni afadhali, kweli. Lakini nyingi zina mazabodi na pawa saplai za umbo lao wenyewe, kwa hivyo kuziongezea nguvu ni shida. Tena, Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha 8. Mashine iliyofanya kazi jana inatangazwa mzee na watu ambao hawajawahi kuiona.

Watu wa Meru wanaijua hali hii. Juni 2014 Uingereza ilipiga marufuku miraa. Mti haukubadilika, mkulima hakubadili kazi yake, lakini soko la London likafungwa kwa uamuzi wa mbali. Tofauti ni kwamba kwa kompyuta, hukumu unaweza kuikataa. Linux ni ya bure, na mashine ya miaka kumi bado inaweza kuandika, kuhesabu na kufundisha. Ukikubali kila tangazo la "hii imepitwa na wakati", umempa mtu mwingine kalamu aandike hesabu yako.

Basi, kabla hujatuma pesa kwa M-Pesa, chukua karatasi. Upande mmoja andika kazi, upande wa pili andika sehemu na bei yake. Kisha msomee mama, kwa Kimeru, bila maneno ya dukani. Sehemu ambayo huwezi kumweleza ni ya nini, ifute kwanza.