Daftari la Nani?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi wetu tuliijua methali hii tangu shule ya msingi, na hatukuwa na sababu ya kuitilia shaka. Mimi nilianza kuitilia shaka nje ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba, nilipokuwa nikimsubiri baba mdogo aje kunipokea.

Kabla ya kutoka nje nilikuwa nimehesabiwa vya kutosha. Pasipoti yangu ilikuwa imegongwa muhuri, kadi yangu ya chanjo ya homa ya manjano imekaguliwa, na begi langu lina karatasi yenye namba, ili likipotea ijulikane limepotelea wapi. Mvulana wa miaka kumi hivi alilishika begi hilo kabla sijasema neno. Akasoma herufi za kwenye karatasi kwa sauti, J, U, B, kisha akaniuliza kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kenya kama anibebee. Nilipomwuliza lugha hiyo ameipata wapi, alisema alisoma Kakuma, kambini, hadi gredi ya tatu. Sasa yuko Juba na hasomi. Dada yake humfundisha hesabu jioni, akipata nafasi.

Nikatoa kijitabu changu nikaanza kuandika jina lake. Akaacha kucheka. "Unaniandika ya nini?" Nikamwambia nataka kujua habari za watoto wasio shuleni. Akauliza tena: "Ukishajua, utafanya nini?"

Sikuwa na jibu. Nililikata jina lile, na hapa pia sitalitaja. Insha hii ni jaribio la kumjibu kwa kuchelewa. Swali lenyewe ni hili: je, ni haki kumwandika na kumfuatilia mtoto asiyeonekana shuleni? Na kama ni haki, yule anayemwandika anabeba wajibu gani?

Nianze na hoja ya wanaotaka daftari, kwa sababu ni hoja nzito. Katiba ya Mpito ya Sudan Kusini ya mwaka 2011 inaagiza elimu ya msingi iwe ya bure na ya lazima. Haki ya namna hiyo haiwezi kutekelezwa kwa watu wasiojulikana. UNICEF imekuwa ikitaja makadirio ya watoto milioni 2.8 walio nje ya shule katika nchi hiyo, lakini ni makadirio tu. Sensa kamili ya mwisho ilifanyika mwaka 2008, kabla hata ya uhuru wa 2011, na baada yake zimepita vita za 2013 na 2016, watu wakikimbia na kurudi. Ili kumjua aliyekosekana unahitaji orodha mbili, ya watoto wote na ya walio darasani, kisha utoe ya pili katika ya kwanza. Orodha ya kwanza ikiwa ya kukisia, jibu pia litakuwa la kukisia.

Orodha ya pili imejaribiwa, tena kwa ubunifu. Chini ya mradi wa elimu ya wasichana ulioanza mwaka 2013 kwa ufadhili wa Uingereza, shule za Sudan Kusini zilianza kutuma mahudhurio kwa ujumbe mfupi wa simu, na wasichana walioandikishwa katika madarasa ya juu wakapewa fedha za kuwasaidia kubaki shuleni. Hapo daftari lilimletea kitu aliyeandikwa. Lakini daftari la shule lina upofu wake: humfuatilia aliyekwisha kuingia. Asiyewahi kufika mlangoni hana mstari ambao mwalimu ataweka alama ya kutokuwepo. Yule mvulana wa uwanjani, nadhani, aliwekewa alama hizo Kakuma siku baada ya siku mpaka mwalimu akachoka. Kule ni mtoro, na Juba hayupo kabisa.

Neno hilo "mtoro" linanipeleka kwenye hoja ya upande wa pili. Leo tunalitumia kwa mwanafunzi anayekwepa shule. Katika pwani yetu ya karne ya 19, mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Watoro walijenga vijiji vyao, kama Fuladoyo, nyuma ya pwani ya Kenya, na mabwana waliwatafuta kama mtu anavyotafuta mali iliyopotea bila habari. Nani alikuwa na haki, mwenye daftari au aliyetoroka? Sidhani kuna msomaji atakayejibu kuwa ni mwenye daftari. Kwa hiyo lugha yetu yenyewe inatuonya kwamba kutafutwa si lazima kuwe kupendwa. Tena neno hilo humlaumu mtoto kabla hajaulizwa. Aliyefukuzwa kwa ajili ya michango na aliyevukishwa mpaka usiku mgongoni kwa mama yake, wote twaweza kuwaita watoro.

Katika nchi kama Sudan Kusini hofu hii si ya vitabuni. Mwezi Februari 2015 huko Wau Shilluk, karibu na Malakal, watu wenye silaha walipita nyumba kwa nyumba na kuchukua wavulana kwa nguvu. UNICEF ilitoa taarifa ya watoto wasiopungua 89, wengine wakiwa katika kipindi cha mitihani, kisha ikasema huenda wakawa mamia. Hawakuhitaji daftari. Hata hivyo, mama aliyesikia habari ile atamjibu nini mgeni anayebisha hodi na kuuliza ana wavulana wangapi, na wana umri gani? Akificha mmoja, je, tumwite mjinga? Mimi ningemwita mzazi.

Kuna hofu nyingine iliyo ndogo zaidi, nayo hutokea hata kwenye amani. Kenya ilipoanza mwaka 2017 kumpa kila mwanafunzi namba katika mfumo wa kielektroniki wa taarifa za elimu, cheti cha kuzaliwa kilitakiwa. Mtoto asiye na cheti akapata taabu kuingizwa, ingawa alikuwa amekaa darasani na kalamu mkononi. Mfumo uliokusudiwa kumwona mtoto ukashindwa kumwona aliye mbele ya macho ya mwalimu wake.

Je, basi tuache kuandika? Hapana, na kisa cha London kinanizuia kusema hivyo. Victoria Climbié, mtoto kutoka Côte d'Ivoire, alifikishwa Uingereza mwaka 1999 na ndugu wa familia, akafa Februari 2000, akiwa na miaka minane, kwa mateso ya walezi wake. Nchini humo hakuwahi kuandikishwa shule, hivyo hapakuwa na mwalimu wa kuuliza mbona leo hayupo. Baada ya uchunguzi, Uingereza ilitengeneza hifadhidata ya watoto wote wa England. Ilianza kazi mwaka 2009 na ikafungwa Agosti 2010, kwa sababu serikali mpya iliona ni kuingilia mno faragha za watu. Wapo pia huko wazazi wanaowafundisha watoto wao nyumbani, tena vizuri, nao huuliza kwa nini wahesabiwe pamoja na watesaji.

Lakini kisa hiki kina sehemu ya pili ambayo watetezi wa daftari huipita haraka. Victoria hakuwa mtoto asiyejulikana. Ustawi wa jamii walimjua, hospitali zilimpokea, polisi walikuwa na habari zake. Jina lake lilikuwa katika majalada ya ofisi kadhaa. Aliandikwa, akafa ameandikwa. Kumbe kosa lilikuwa kwamba walioandika hawakujiona wana deni kwake.

Hapa ndipo ninapofika kwenye msimamo wangu. Muuza duka wa mtaani kwetu ana madaftari mawili. La kwanza ni la mali: magunia mangapi, katoni ngapi. La pili ni la madeni. Katika daftari la mali, kilichoandikwa ni cha mwenye daftari. Katika daftari la madeni, mwandishi na mwandikwa wanafungana, na anayedai ana haki ya kusema, "Fungua, tuone umeandika nini." Tatizo la methali yetu, ukiitumia kwa watoto, ni kwamba inatupeleka kwenye daftari la kwanza. Mtoto si gunia la serikali, wala si la mradi, wala si la mzazi. Aandikwe katika daftari la pili, naye akiwa ndiye mdai.

Ukikubali hilo, masharti yanajitokeza yenyewe. Kwanza, asiandikwe mtoto kwa swali ambalo mwandishi hana uwezo wala nia ya kulifanyia kazi. Pili, jina lake likae karibu, kwa mwalimu na wazee wanaomfahamu, na kinachopelekwa mbali kiwe idadi, isipokuwa pale ambapo maisha yake yako hatarini. Tatu, yeye na wazazi wake wajue kilichoandikwa na waweze kukisahihisha. Nne, anayejifunza nje ya shule aulizwe anajifunza nini kabla ya kuitwa mtoro. Hesabu za jioni za dada yule si shule, lakini si sifuri.

Mtu anaweza kunipinga kwamba masharti haya ni ya anasa: nchi maskini ikisubiri uwezo wa kulipa deni ndipo iandike, haitaandika kamwe, na bila takwimu hakuna atakayeleta hilo darasa. Pingamizi hili lina ukweli. Ninajibu kwamba idadi inaweza kukusanywa bila majina, na ndiyo maana nimetenganisha vitu hivyo viwili. Idadi ni ya kumwombea. Jina ni ahadi kwake.

Baba mdogo alifika, begi likaingia garini, nikamlipa yule mvulana. Deni hilo lilikuwa rahisi. Nimejiuliza mara nyingi kama nilitenda haki kulikata jina lake. Kwa kutomwandika sikumdhuru, lakini pia nilimwacha pale pale. Nadhani jibu la kweli ningempa hivi: "Sina la kufanya peke yangu, lakini niambie dada yako anapatikana wapi, tukamwulize pamoja." Hilo sikulisema, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kufika nyumbani. Kabla ya kuwafundisha wengine namna ya kuwatafuta watoto waliopotea, inanipasa nikiri kwamba mmoja alinipata yeye mwenyewe, akaniuliza swali, nami nikaondoka.