Nani Ataitegemeza Mikono Yake?

Soma Kutoka 17:8–13. Musa alikuwa na imani, tena alikuwa na fimbo ya Mungu mkononi. Kwa nini basi alihitaji watu wawili kando yake?

Habari hii ni ya vitani. Bondeni Yoshua anapigana na Waamaleki. Kilimani Musa ameinua mikono. Biblia haisemi kwamba Musa alipoteza nia, wala kwamba alitenda dhambi. Inasema tu kwamba mikono yake ilikuwa mizito. Haruni na Huri hawakusimama pembeni wakimhubiria juu ya uvumilivu. Walitafuta jiwe wakamketisha, kisha wakaishika mikono yake, mmoja upande huu na mmoja upande huu, mpaka jua likachwa.

Yuko askari mwingine ambaye vita yake imekwisha, amerudi nyumbani, lakini mikono yake ingali mizito. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jeshi la Marekani liliweka sigara ndani ya pakiti za chakula cha askari wake, pamoja na nyama ya kopo na biskuti. Desturi hiyo iliendelea mpaka mwaka 1975, ingawa tangu mwaka 1964 Daktari Mkuu wa serikali hiyohiyo alikuwa ametangaza kwamba sigara husababisha saratani ya mapafu. Mtu alipewa tumbaku na taifa lake akiwa kijana mwenye hofu. Akastaafu, akaambiwa aiache. Hata katika miaka yetu, wanajeshi wastaafu wa Marekani wamekuwa wakivuta sigara kuliko raia wengine, na wale wenye majeraha ya nafsi yaliyotokana na vita huona vigumu zaidi kuacha.

Kwa askari, sigara ilikuwa pia ushirika. Waliwashiana moto, wakagawana moja watu wawili, wakavuta pamoja wakimngoja adui au wakimlilia mwenzao. Anayemwambia mtu huyo aache sigara, anamwambia pia aachane na rafiki wa siku zile. Je, atampa nini mahali pa rafiki huyo?

Soma Wagalatia 6:1–5. Paulo anatuagiza tuchukuliane mizigo, kisha anasema kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe. Je, maneno haya mawili yanapatanaje?

Hapa ndipo penye swali gumu la kimaadili. Wengine husema: sigara iko mkononi mwake, mdomo ni wake, basi uamuzi ni wake. Wengine husema: hakuichagua, alipewa, basi asilaumiwe. Paulo hakubaliani kikamilifu na upande wowote. Kiyunani kinatumia maneno mawili tofauti: la kwanza ni uzito unaomlemea mtu, la pili ni shehena ambayo kila mmoja hubeba mwenyewe. Uamuzi wa kutoiwasha sigara ni shehena ya mtu binafsi. Hakuna awezaye kumwamulia. Lakini ndoto za kutisha, usiku usio na usingizi, na upweke unaomrudisha kwenye pakiti ni uzito, na uzito huo si wa mtu mmoja. Haruni hakuchukua nafasi ya Musa. Mikono iliyoinuliwa ilibaki kuwa ya Musa.

Tuna ushahidi wa jambo hili. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika vituo 10 vya afya vya wanajeshi wastaafu nchini Marekani. Walioshiriki walikuwa wavutaji 943 wenye majeraha ya nafsi ya vita. Baadhi walipelekwa kwenye kliniki ya pekee ya kuacha sigara. Wengine walisaidiwa na watabibu walewale waliokuwa wakiwatibu majeraha hayo, watu waliokwisha kuwazoea. Katika kundi hili la pili, walioacha na kudumu walikuwa asilimia 8.9; katika kundi la kwanza, asilimia 4.5. Kusaidiwa na mtu anayekufahamu kulikaribia kuzidisha ushindi mara mbili.

Lakini tusiisome hesabu hiyo haraka. Hata katika kundi lililofanikiwa zaidi, watu 9 kati ya kila 10 hawakudumu. Basi anayekubali kumshika mtu mkono ajue mapema kwamba huenda akamwona akianguka, tena zaidi ya mara moja. Hapo ndipo upendo wetu unapopimwa.

Kanisa letu lina urithi katika kazi hii. Mnamo mwaka 1960 daktari Wayne McFarland na mchungaji Elman Folkenberg walianzisha Mpango wa Siku Tano wa Kuacha Kuvuta Sigara. Daktari na mchungaji walisimama pamoja, na wahudhuriaji walihimizwa kutiana moyo wawili wawili. Hata hivyo, ni rahisi kwetu kumwambia mtu, kwa macho kama si kwa maneno: acha kwanza, ndipo uje. Kanuni yetu kuhusu tumbaku na ubatizo ni njema. Swali ni hili: mtu akiwa bado anapanda kuifikia, je, anapanda peke yake? Mtu anayeogopa macho yetu hujifunza kutafuna peremende na kukaa kiti cha nyuma, kisha haonekani tena.

Mara nyingi kiu kali ya sigara hupita baada ya dakika chache. Mtu aliye tayari kupokea simu saa tisa za usiku anaweza kumvusha mwenzake dakika hizo. Tembea naye. Mnyweshe maji. Msindikize kwa daktari, wala usimwambie kwamba dawa ni upungufu wa imani. Lile jiwe aliloketi Musa halikuipunguza fimbo ya Mungu. Mwombee pamoja naye, lakini usiitangaze siri yake mbele ya kusanyiko. Akianguka, mpigie wewe kwanza.

Askari hufundishwa kutomwacha mwenzake uwanjani. Je, atalikuta kanisa likijua angalau hilo?

Maswali ya Kujadili

1. Soma Mhubiri 4:9–12. Ni wakati gani ambapo msaada wetu humdhoofisha mtu, na ni wakati gani humtia nguvu? Utatambuaje tofauti?

2. Serikali iliyompa kijana sigara ina wajibu gani kwake akizeeka? Kanisa ambalo halikumpa lina wajibu gani?

3. Mtu akirudia kuvuta kwa mara ya nne, darasa lenu lingempokeaje Sabato inayofuata? Jibuni kwa unyofu.

4. Ni nani, karibu nawe, ambaye mikono yake imekuwa mizito? Utafanya nini juma hili?