Ukoko wa Mama

Binti yangu mkubwa, ambaye sasa ana watoto watatu na meza ya vitenge sokoni, kila nikienda kwake huniwekea ukoko. Huukwangua sufuriani taratibu, akauweka kwenye sahani ya maua, akaniletea kwa heshima zote: "Mama, nimekuwekea ule unaoupenda." Nami natafuna. Meno yenyewe yamebaki ya kuhesabu.

Siupendi ukoko, wanangu. Sijawahi kuupenda. Nilisema naupenda siku moja wali ulipokuwa haba, watoto wakaamini, na tangu hapo hakuna aliyeniuliza tena.

Basi nikiwatazama nyinyi kina mama wa leo, nacheka chinichini. Saa kumi alfajiri umeshakanda unga wa chapati, umeogesha watoto, umegombania daladala, umeshinda kazini, umerudi kupika na kufua na kukagua madaftari, na saa tano usiku, nyumba yote ikikoroma, ndipo unajilaza na simu ukisema sasa huu ndio wakati wangu. Mwizi wewe, mwenye mali wewe. Mwili wa mtu mzima unadai usingizi wa saa 7 hivi, na deni lake halifutwi kwa chai ya rangi. Mimi sikuwa na simu, nilikuwa na cherehani.

Na presha haibishi hodi. Yangu niliijua siku nilipompeleka mjukuu kliniki. Muuguzi akasema, bibi, hebu kaa nawe nikupime. Wenyewe wanasema ukifika 140 kwa 90 mara kwa mara, hapo si pa kuchezea. Mimi nilikuwa nimepavuka, na hata kichwa hakiniumi! Sasa dawa ni kila asubuhi. Ajabu ni kwamba kadi ya mtoto tunaitunza kabatini, uzito wake tunaujua kwa kilo na nukta, lakini mama yake hajui presha yake ni ngapi.

Zamani mzazi alikaa arobaini. Alikandwa kwa maji ya moto, akanyweshwa uji wa pilipili manga, mtoto akibebwa na shangazi. Vizuri sana. Siku ya 41 tulitawanyika wote, tukamwachia jungu peke yake. Leo sheria ya kazi ya Tanzania inampa mama siku 84, na 100 akizaa mapacha, kisha nafasi ya kunyonyesha isiyozidi saa 2 kwa siku, ambayo wengi hawaiombi kwa kumhofia bosi. Shirika la Afya Duniani linasema katika kila wanawake 100 waliojifungua, kama 13 hupata maradhi ya akili, hasa sonona. Sisi tuliita uvivu. Jirani yangu alikaa miezi akitazama ukuta, nasi tukampelekea ndizi, na tulipotoka mlangoni tukamsengenya. Kumbe yalikuwa maradhi, na yana tiba.

Siwagombezi. Mkono wa mama ukikaa bure huwasha, najua.

Jumapili nitamwambia binti yangu ukweli wa ukoko. Nawe leo jioni ukipakua, anza na sahani yako: wali wa katikati, samaki wa tumboni, kaa mkekani ule ungali moto. Ukoko mpe baba yao. Huenda yeye anaupenda kweli.