Majibu ya mgonjwa ni amana, yasisomwe msikitini



Ndugu Waislamu, kuna desturi imeingia katika baadhi ya misikiti yetu. Vijana wakitaka kufunga ndoa huambiwa walete karatasi ya vipimo vya Ukimwi. Nia ni njema, siikatai. Tatizo ni safari ya ile karatasi. Inapokewa na katibu, inasomwa na imamu, inapita kwa wajumbe wawili watatu, na kabla ya Ijumaa nyingine mtaa mzima unajua kwa nini posa ya fulani imerudishwa.

Wanaoijua Ulyankulu watanielewa. Makazi haya yalifunguliwa mwaka 1972 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi, ambao wengi wao leo ni raia wa Tanzania. Watu waliokuja pamoja na kulima tumbaku pamoja wanajuana mpaka ukoo. Anayefagia zahanati ni shemeji wa mwenye duka. Ndiyo maana wapo wanaokipita kituo cha karibu na kupanda gari hadi Tabora mjini, wakachukue dawa wasikojulikana. Nauli ikikosekana, dawa inakatika, na virusi vinapata nafasi. Maneno yetu ya barazani yanaua mtu taratibu, nasi tunakwenda kumzika tukisema ni kadari.

Sheria ya nchi imelisema jambo hili wazi. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi, namba 28 ya mwaka 2008, inakataza kumlazimisha mtu kupima, isipokuwa katika mambo machache iliyoyataja, kama amri ya mahakama. Majibu ni ya aliyepimwa. Wanaoweza kuelezwa zaidi yake wametajwa: mzazi au mlezi wa mtoto, mwenza wa aliyepimwa, mahakama. Imamu hayumo. Kamati ya msikiti haimo. Na wajibu wa kutunza siri haukuwekwa kwa daktari peke yake. Umewekwa kwa kila anayeshika kumbukumbu za mgonjwa, hata mwajiri, hata mwandishi wa takwimu. Mkiipokea ile karatasi na kuifungia kabatini msikitini, mmejitwika mzigo huo.

Wapo watakaosema hizo ni sheria za serikali. Basi turudi kwetu. Suratun-Nisaa aya ya 58 inatuamrisha kurejesha amana kwa wenyewe. Suratul-Hujuraat aya ya 12 inakataza kupelelezana na kusengenyana, na inamfananisha msengenyaji na mla nyama ya ndugu yake aliyekufa. Naye Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa anayemsitiri Muislamu, Allah atamsitiri. Muuguzi anayetunza siri ya mgonjwa anatekeleza kanuni za kazi yake na anafanya ibada kwa wakati mmoja, hata kama hajui.

Sheikh mmoja aliniuliza: Je, binti wa watu aingie katika hatari kwa sababu ya kumsitiri mwanamume? Swali zito, na dini haikulikwepa. Fatima bint Qays (R.A.) alipomuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu waliomposa, alielezwa aibu zao bila kufichwa. Imam Nawawi katika Riyadhus-Saliheen ameitaja nasaha ya ndoa miongoni mwa mambo yanayoruhusu kusema ya mtu. Lakini tazameni nani aliambiwa. Aliambiwa mposwa mwenyewe, aliyeuliza na mwenye haki ya kujua. Hakikuitwa kikao. Sheria ya 2008 nayo imekwenda njia hiyo hiyo: anayejua kuwa ana virusi anatakiwa amweleze mwenza wake bila kuchelewa.

Kwa maoni yangu, imamu awanasihi wachumba waende pamoja kwa hiari, wapewe ushauri pamoja, wafunguliane majibu wao kwa wao, kisha warudi waseme neno moja: tumeelewana, au hatukuelewana. Sababu asiulize. Na wakielewana huku mmoja ana virusi, asiwazuie. Anayetumia dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa tendo la ndoa.

Zamani katika njia hii ya misafara, Tabora hadi Ujiji, wapagazi walioshikwa na ndui waliachwa porini ili msafara usonge. Wakati ule hapakuwa na sheria ya kumtetea mgonjwa.

Leo ipo. Ambaye siri yake imetolewa na mhudumu aanze kwa mganga mfawidhi wa kituo, na asiposikilizwa aende kwa mganga mkuu wa wilaya. Akiwa mhudumu huyo ni muuguzi, lipo Baraza la Uuguzi na Ukunga lenye mamlaka ya kumwajibisha. Ikiwa siri imetokea msikitini, malalamiko yaanzie kwa imamu, na lile kabati lifunguliwe, karatasi zirudishwe kwa wenyewe.