Mwenye Pumzi Fupi na Haki Yake juu ya Msafara

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu, aliyempa kila kiumbe pumzi zake kwa hesabu aijuayo Yeye peke yake. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu yangu Mwislamu, jua ya kuwa hapana neema tuisahauyo upesi kama pumzi. Mtu hushukuru kwa chakula, kwa mvua, kwa mtoto, kwa faida ya biashara. Walakini ni wachache washukuruo kwa kuvuta hewa na kuitoa, mpaka siku ile ipunguzwapo. Maswali yaliyonifanya niandike waraka huu mdogo ni mawili. La kwanza: mtu aliyekwenda kwa tabibu ili aponywe, akarudi ameondolewa uvimbe wake lakini pumzi yake imekuwa fupi, awe vipi na nafsi yake, na Mola wake, na yule tabibu? La pili: sisi tulio wazima yatupasa tumtendeeje? Na hili la pili ndilo zito zaidi, nalo ndilo tulisahaulo.

Watu wa pwani hawalioni sana jambo hili, kwa kuwa wao hula samaki na vitu vya bahari, navyo vina madini joto ambayo mwili wayahitaji. Lakini nchi za bara zilizo mbali na bahari, ardhi yake ina upungufu wa madini hayo. Tezi iliyo mbele ya koo ikikosa madini joto huvimba, na uvimbe huo ndio uitwao rovu. Nao huwapata wanawake zaidi ya wanaume. Chumvi ya Uvinza iliuzwa katika njia ya misafara tangu zamani, lakini chumvi peke yake, ya chemchemi ama ya bahari, haitoshi mpaka itiwe madini joto. Serikali ya Tanzania ililazimisha jambo hilo katika miaka ya 1990, nalo limewafaa watu wengi. Hata hivyo, wako waliokwisha kuvimba zamani, na rovu likiwa kubwa hulibana koo, basi hapana budi likatwe.

Na hapo ndipo ilipo hatari. Nyuma ya tezi hiyo hupita mishipa miwili ya fahamu, mmoja kulia na mmoja kushoto, iendayo kwenye koromeo kuzifungua na kuzifunga nyuzi za sauti. Njia yake ni ya ajabu: hushuka kutoka kichwani mpaka chini, wa kushoto ukazunguka mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, wa kulia ukazunguka mshipa wa damu uendao mkononi, kisha yote miwili ikapanda tena juu ubavuni mwa koo. Jalinus tabibu wa Kiyunani aliijua tangu karne ya 2, alipomkata nguruwe mishipa hiyo, naye akanyamaza kelele zake mara moja. Ukiumia mmoja, sauti hukwaruza, kikohozi hupoteza nguvu, na maji hupalia. Ikiumia yote miwili, nyuzi hukaribiana, na mlango wa pumzi hubaki kama ufa. Mtu huyo huenda akasema vizuri akiwa ameketi, nawe ukadhani ni mzima. Mpandishe ngazi, utamsikia akivuta hewa kwa mlio. Wako ambao hawana budi kutobolewa koo na kutiwa mrija ili wapate kupumua.

Sasa tulitazame swali la kwanza.

Huenda mgonjwa akasema, «Tabibu amenidhulumu, nimekwenda na uvimbe, nimerudi bila pumzi.» Jawabu ni kuwa sharia imetofautisha watu wawili. Asiyejulikana kwa utabibu akajitia kutibu, huyo ni mdhamini wa alichokiharibu, ndivyo ilivyopokewa kutoka kwa Mtume (s.a.w.). Ama bingwa wa kazi yake, aliyepewa idhini, akafuata kanuni za kazi wala asipuuze, kisha likatokea lisilozuilika, wanazuoni hawakumtia hatiani. Walakini kutotiwa hatiani si ruhusa ya kuficha. Haki ya mgonjwa ni kuambiwa hatari kabla ya kisu, na kuambiwa kweli baada yake.

Abul-Qasim az-Zahrawi wa Andalusi, aliyefariki yapata mwaka 1013, ameeleza katika kitabu chake At-Tasrif habari ya kijakazi aliyejikata koo kwa kisu. Alimshona, akapona, na wala hakuficha kuwa sauti yake ilibaki na mkwaruzo. Na Theodor Kocher, mpasuaji wa Uswisi, mwaka 1883 aliwatangazia wenzake kuwa wagonjwa wake aliowaondolea tezi nzima walikuwa wamedhoofika mwili na akili, akaibadili kazi yake. Na mwaka 1909 akapewa tuzo ya Nobel kwa elimu yake ya tezi hiyo. Basi heshima ya tabibu haipunguzwi na ukweli, hupunguzwa na kuuficha.

Tena huenda akasema mwingine, «Mimi nitasubiri, sitasema neno, kwani kulalamika ni kukosa imani.» Ndugu yangu, hapa wengi wamekosea. Subira si kunyamaza. Nabii Ayyub (a.s.) alimwita Mola wake akamweleza dhara iliyompata, naye akasifiwa kuwa ni mwenye kusubiri. Nabii Yakub (a.s.) alimshitakia Mungu huzuni yake. Nasi tumeamrishwa tujitibu. Mwenye pumzi fupi anayeficha hali yake kwa haya, asende kwa tabibu mpaka midomo ikageuka rangi, hakusubiri. Ameiangamiza amana aliyopewa. Na ajue ya kuwa mshipa uliochubuka bila kukatika huweza kurudi katika muda wa miezi, pengine mpaka mwaka. Ndiyo maana matabibu hungoja kabla ya kupasua tena. Lakini mlio wa pumzi ukizidi hata akiwa ameketi, jambo hilo halingoji kesho. Apelekwe hospitali saa ile ile, na kama hapana bingwa wa koo karibu, wamwelekeze kwa mabingwa, kama walioko Bugando Mwanza au Muhimbili Dar es Salaam.

Katika mambo ya kila siku, yako yanayomfaa. Aende polepole, apumzike kabla ya kuchoka wala si baada yake. Alale kichwa kikiwa juu. Ale kidogo kidogo. Anywapo maji yanayompalia, ainamishe kidevu kifuani na ameze funda dogo. Aseme maneno machache, avute pumzi, kisha aendelee. Na ajitenge na moshi wa kuni na wa tumbaku. Aliyetiwa mrija ausafishe kama alivyofundishwa, wala asiache maji yaingie humo aogapo au atawadhapo.

Ama ibada, Mwenyezi Mungu hakumkalifisha mtu ila awezalo. Imran bin Huswain (r.a.) alipokuwa mgonjwa alimwuliza Mtume (s.a.w.), naye akamwelekeza asali kwa kusimama, na akishindwa aketi, na akishindwa kuketi alale ubavu. Basi ambaye kusujudu kunambana pumzi, na aashirie kwa kichwa, na ishara ya kusujudu iwe chini kuliko ya kurukuu. Asomaye Fatiha akakatika pumzi katikati, na apumzike kisha aendelee. Udhuru huo hauiharibu. Asiye na sauti na autembeze ulimi wake. Wala asidhani kuwa dhikri yake imepungua kwa kuwa haisikiwi msikitini. Nabii Zakaria (a.s.) alizuiliwa kusema na watu siku tatu hali yu mzima, akawaashiria wamtukuze Mola wao asubuhi na jioni. Na Nabii Musa (a.s.) alikuwa na fundo ulimini, aliomba lifunguliwe, na pamoja na hayo akaomba apewe Haruni nduguye awe msaidizi wake. Kuomba msaidizi hakukumtoa katika utume. Basi kutamtoaje mtu katika uanaume?

Na sasa swali la pili, ambalo kwa ajili yake nimeitaja njia ya misafara.

Wazee wetu wa pwani waliijua Tabora kwa miguu yao. Misafara ilitoka Bagamoyo ikapita Ugogo mpaka Unyanyembe, na kutoka huko mpaka Ujiji. Richard Burton na John Speke walioondoka pwani mwezi wa Juni 1857 hawakufika Kaze, yaani Tabora, ila mwezi wa Novemba. Mbele alikwenda kirangozi, nyuma wapagazi, kila mmoja na mzigo wa kadiri ya frasila mbili, yaani ratili 70. Mwendo uliwekwa na mambo mawili: maji ya kambi ya mbele, na faida ya mwenye mali. Burton alipopooza miguu mwanzo wa mwaka 1858, alichukuliwa kwa machila. Lakini mpagazi aliyeshikwa na ndui, au aliyeishiwa nguvu, mara nyingi aliachwa kando ya njia, na mzigo wake ukagawanywa. Mzigo ulifika, mtu hakufika.

Na usiseme kwamba hawakuweza kumchukua mtu. Mwaka 1873 Chuma na Susi na wenzao waliuchukua mwili wa David Livingstone wakafika nao Tabora, wakaendelea nao mpaka Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Migongo iliyoweza kuchukua maiti mwendo wa miezi mingi, yaweza kumchukua aliye hai. Jambo si uzito. Jambo ni nani ahesabiwaye kuwa anastahili kungojwa.

Sasa uutazame msafara wa Mtume wetu. Jabir bin Abdillahi (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) safarini alikuwa akirudi nyuma ya watu, akimsukuma aliye dhaifu, akimpakia nyuma yake, na akiwaombea dua. Na Uthman bin Abil-As (r.a.) alipoomba afanywe imamu wa watu wake, Mtume alimkubalia, akamwamrisha aufuate mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote miongoni mwao. Izingatie amri hiyo. Imamu ndiye anayefuatwa, nalo ni jambo la wazi. Lakini imamu naye ana wa kumfuata, naye ni yule wa safu ya nyuma mwenye pumzi fupi. Hakuambiwa amhurumie tu, wala ampe sadaka. Ameambiwa amfanye kuwa kipimo.

Huenda mtu akasema, «Je, wote wachelewe kwa ajili ya mmoja? Msafara ukichelewa huenda wote wakafa kwa kiu.» Swali hili lina haki yake, wala sitalikimbia. Iko dharura ambayo hukumu yake ni nyingine, na wako watu njiani waliolazimika kweli. Lakini wewe na mimi tuna kiu gani? Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na leo mtu hufika huko kutoka pwani bila kuchukua mzigo. Haraka yetu si ya maji, ni ya mazoea. Imamu anayerefusha kisomo ili asifiwe sauti yake, hana kiu. Mwenye duka anayemfukuza karani wake kwa sababu sauti yake imekwaruza, hana kiu. Wanaobaraza wakimcheka mwenzao apumuaye kwa mlio, wakamkatiza kabla hajamaliza neno lake, hawana kiu. Hao wameacha mtu njiani, na maji wanayo mkononi.

Na nimesema kuwa rovu huwapata wanawake zaidi. Basi wewe mume ndiwe kirangozi wa nyumba yako. Mkeo akirudi kutoka hospitali na pumzi fupi, usimhesabie siku za kupona kama mkopo. Moshi wa jikoni ambao wewe huuoni kuwa kitu, kwake ni mkono uliomkaba koo. Mchotee maji wewe, au utafute wa kumsaidia, Mtume (s.a.w.) alikuwa akihudumu nyumbani kwake, nasi si bora kuliko yeye. Umngoje amalize maneno yake. Usiku akiketi kwa kukosa pumzi, nawe uketi.

Ewe ndugu msomaji, kila mmoja wetu ataishiwa na pumzi. Aliyetutangulia kwa kupunguziwa hakushushwa cheo. Amewekwa mahali ambapo amri ya Mtume yatuelekeza tutazame ili tujue mwendo wetu. Tukimwacha nyuma, hatujui tena tuendako, ingawa twaenda mbio.

Ee Mola wetu, tukunjulie vifua vyetu, na uwarahisishie pumzi waliodhikika, na utujaalie tuwe katika wanaongoja. Amina. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.